Zulia la Waliohama Analipa Nani?

Kila Novemba, kabla baridi haijakomaa, mawakala wa nyumba katika miji ya vyuo ya Uingereza huanza kuwatumia wanafunzi ujumbe wa kuwatia kiwewe. Nyumba zinakwisha. Wenzenu wameshasaini. Mkitaka kubaki mwaka ujao, tupeni jibu kabla ya Ijumaa. Na chini kabisa, baada ya kodi mpya iliyopanda, kuna sentensi moja ya upole: amana yenu tutaihamishia kwenye mkataba mpya, hamna haja ya kufanya lolote.

Nina ugomvi na sentensi hiyo. Imevikwa sura ya fadhila. Binti wa Morogoro anayesoma uzamili Leicester, kijana wa Kisumu aliyeko Coventry, wote wanaisoma na kushusha pumzi: afadhali, sitadaiwa dipoziti nyingine. Mimi nasema ni sentensi ya wizi, na ni wizi mbaya kwa kuwa anayeibiwa hutoa shukrani. Mkataba unapoongezwa katika nyumba ya wanafunzi, amana haihamishwi kimyakimya. Inahesabiwa. Nani anaondoka, nani anaingia, nani anabaki, kipi kimeharibika hadi leo, na fedha ya kila mmoja iko wapi. Wakala anayekwepa hesabu hiyo msimdhanie kuwa mvivu. Anajua kwamba isipofanywa, deni la waliohama litamwangukia yeyote atakayekutwa ndani siku ya mwisho.

Nazungumzia England. Scotland ina utaratibu wake, na tangu Desemba 2017 mikataba mipya ya kupanga nyumba za watu binafsi huko haina hata tarehe ya kuisha. Lakini wengi wa vijana wetu wako England, na huko ndiko mchezo huu umekomaa.

Tuanze na kisichobishaniwa. Amana ni mali ya mpangaji mpaka mwenye nyumba athibitishe kwamba anastahili kuikata. Hayo si maoni yangu. Waamuzi wa migogoro ya amana huanzia hapo kila siku: mzigo wa ushahidi umo mabegani mwa mwenye nyumba. Tangu 6 Aprili 2007, vifungu vya amana vya Sheria ya Nyumba ya 2004 vilipoanza kutumika, mwenye nyumba anayepokea amana kwa mkataba wa kawaida wa kupanga analazimika kuiweka chini ya taasisi iliyoidhinishwa na serikali. Ziko tatu: Deposit Protection Service, MyDeposits na Tenancy Deposit Scheme. Ana siku 30, zamani zilikuwa 14, na ndani ya siku hizo lazima ampe mpangaji maelezo ya maandishi: fedha iko wapi, inadaiwaje, ugomvi ukitokea unaamuliwa na nani. Asipofanya hivyo, mpangaji akienda mahakamani, mahakama humtoza mwenye nyumba kati ya mara moja na mara tatu ya amana.

Ni sheria nzuri. Nani kati yetu aliyepanga Sinza au Roysambu hakuitamani? Lakini ina tundu tangu ilipozaliwa. Iliruhusu njia mbili za ulinzi. Katika ya kwanza, taasisi inakabidhiwa fedha zenyewe na kukaa nazo, bila malipo. Katika ya pili, mwenye nyumba anabaki nazo kwenye akaunti yake mwenyewe na kulipia bima. Yaani fisi aliachiwa bucha, akatakiwa tu akate bima ya nyama. Mwanafunzi anapewa cheti kinachosema amana yako imelindwa, naye anadhani fedha iko kwenye kabati la serikali, kumbe iko kwa mtu yuleyule atakayegombana naye Julai.

Sasa njoo kwenye kuongeza mkataba, maana ndipo sheria yenyewe ilipojikwaa.

Mwaka 2007, miezi michache kabla ya sheria kuanza kutumika, mpangaji mmoja wa London alilipa amana ya pauni 606.66 kwa mkataba wa karibu mwaka mmoja. Mkataba ukaisha Januari 2008, naye akabaki ndani akilipa mwezi kwa mwezi, kama wapangaji wengi wafanyavyo. Hakuna aliyesaini kitu, hakuna fedha iliyotoka mfuko huu kwenda ule. Miaka ikapita. Mwenye nyumba akataka kumtoa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufaa, na Juni 2013 majaji wakaamua, katika kesi ambayo wanasheria huiita Superstrike, kwamba mkataba wa kwanza ulipokwisha ulizaliwa mpya, na ulipozaliwa mpya amana ilihesabika kuwa imepokelewa upya. Kwa hiyo ilipaswa kulindwa. Haikulindwa. Notisi ya kumtoa ikawa karatasi tupu.

Wenye nyumba walipiga kelele hadi bungeni. Kwa upande mmoja walikuwa na hoja: mtu aliyefuata sheria barabara siku ya kwanza aliwekwa kwenye hatari ya faini kwa kuwa hakutoa tena karatasi zilezile kwa mtu yuleyule. Machi 2015 Bunge likawaokoa. Sheria mpya ikasema, kwa ufupi, kwamba mwenye nyumba aliyelinda amana na kutoa maelezo ipasavyo mwanzoni halazimiki kurudia mkataba unapoongezwa, iwapo mwenye nyumba ni yuleyule, nyumba ni ileile au karibu ileile, wapangaji ni walewale, na amana bado imo katika ulinzi uleule.

Wapangaji walewale. Mawakala wengi wameusoma msamaha huo hadi kwenye nyumba, wakafunga kitabu kabla ya kufika hapo.

Maana nyumba ya wanafunzi ina wapangaji walewale kwa muda gani? Chukua nyumba ya vyumba vitano, Selly Oak kule Birmingham au Fallowfield kule Manchester, mitaa ambayo Oktoba hujaa wanafunzi hadi kwenye ngazi. Vijana watano wamesaini mkataba mmoja wa pamoja, kila mmoja akibeba dhamana ya wote, amana pauni 600 kwa kichwa. Juni, wawili wanamaliza masomo. Watatu wanabaki, wanatafuta wengine wawili, wanasaini karatasi mpya. Wakala anaiita kuongeza mkataba. Kisheria ni mkataba mpya kati ya mwenye nyumba na kundi jipya la watu. Msamaha wa 2015 haugusi hapo. Amana yote inahesabika upya, siku 30 zinaanza kukimbia, na maelezo yanapaswa kumfikia kila mmoja kati ya hao watano, wakiwemo watatu waliokuwepo.

Kinachofanyika ni kitu kingine. Wakala anawaambia wanaoondoka: mtalipwa na wanaoingia. Binti anayeingia anamtumia pauni 600 kijana ambaye hajawahi kumtia machoni, kwa namba ya akaunti iliyowekwa kwenye kundi la WhatsApp. Kijana anaondoka na fedha kamili, hakuna aliyekagua chumba chake. Wakala hajagusa hata senti, na atakuapia hivyo. Kwenye kumbukumbu za taasisi ya ulinzi majina ni ya wale wa zamani, au ni jina moja tu la yule waliyemfanya mpangaji kiongozi, ambaye pengine sasa yuko Lagos au Kuala Lumpur na barua pepe ya chuo imeshafungwa.

Mwaka unapita. Nyumba inakaguliwa hatimaye. Zulia la chumba cha mbele lina alama ya pasi. Mlango wa kabati umeng'oka. Ukuta una matundu ya misumari ya watu wawili au watatu waliopishana. Bili inakuja, na anayepewa ni binti aliyelipa amana kwa mgeni. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, sidhani walikuwa wakimtafutia mwenye nyumba wa Birmingham mtu wa kumlipia zulia.

Binti akijaribu kupinga? Mbele ya mwamuzi wa taasisi angekuwa na nafasi nzuri sana. Mwamuzi huuliza swali la kwanza kwa mwenye nyumba: nionyeshe hali ya nyumba mpangaji huyu alipoingia. Kilichopo ni orodha ya miaka miwili nyuma, yenye sahihi za watu wengine. Na hata alama ya pasi ikithibitishwa kuwa yake, mwenye nyumba hawezi kudai zulia jipya kwa lile kuukuu. Zulia lililonunuliwa kwa pauni 600, likikadiriwa kudumu miaka sita, baada ya miaka minne limebakiwa na thamani ya pauni 200. Uchakavu wa kawaida hautozwi kabisa. Watu wakiishi, zulia huisha. Haya yote yangemsaidia. Ila ili ufike kwa mwamuzi unahitaji kuwemo kwenye kumbukumbu, naye hayumo. Fedha yake iko kwa kijana, jina la kijana liko kwenye cheti, na cheti kiko kwa wakala.

Sitaki kusikia kwamba huu ni mkanganyiko wa karatasi. Wakala huyohuyo anakumbuka kupandisha kodi kwa tarehe. Anakumbuka kutoza gharama ya kubadilisha jina kwenye mkataba, gharama ambayo Sheria ya Ada za Wapangaji ya 2019 imeiwekea kikomo cha pauni 50 isipokuwa athibitishe kuwa ametumia zaidi. Jina jipya analiandika kwenye mkataba, analiandika kwenye risiti ya hizo pauni 50, analiandika kwenye ratiba ya kodi. Linamshinda mahali pamoja tu, pale ambapo kuliandika kungempa mwanafunzi silaha.

Sheria hiyo ya 2019, kwa kweli, ndiyo iliyoifanya amana kuwa uwanja wa vita. Kabla yake mawakala walikuwa wakitoza ada ya kila kitu: ada ya kukagua nyaraka, ada ya kutoka, ada ya kuongeza mkataba kila mwaka kwa kazi ya kubadilisha tarehe kwenye kompyuta. Tarehe 1 Juni 2019 ada hizo zikapigwa marufuku. Biashara iliyozoea kukamua haiachi kwa sababu ng'ombe mmoja kaondolewa zizini. Siwatuhumu wote. Wapo wanaokagua vyumba, wanaorudisha fedha ndani ya siku kumi. Lakini kwa nini uadilifu wa mtu uwe ndio kinga pekee ya mwanafunzi wakati sheria ipo?

Sheria hiyohiyo iliweka ukomo wa amana yenyewe: kodi ya wiki tano, pale ambapo kodi ya mwaka ya mkataba mzima iko chini ya pauni 50,000, ikifika hapo au kupita, wiki sita. Wazazi wengi wanaowatumia watoto fedha hawaijui hesabu hii, basi tuifanye. Kodi ya pauni 650 kwa mwezi ni 7,800 kwa mwaka, gawa kwa 52, ni 150 kwa wiki. Wiki tano ni 750. Anayedai mwezi na nusu, yaani 975, anakiuka sheria. Sasa angalia ujanja unaojificha kwenye mkataba wa pamoja. Wanafunzi saba wanaolipa pauni 125 kwa wiki kila mmoja wana kodi ya mwaka ya pauni 45,500. Amana yao haizidi 625 kwa kichwa. Ongeza mwanafunzi wa nane kwa bei hiyohiyo, kodi inakuwa 52,000, mstari umevukwa, na kila mmoja kati ya wanane anaweza kudaiwa 750. Hakuna chumba kilichobadilika, hakuna hatari iliyoongezeka. Wangekuwa na mikataba ya chumba kimojakimoja wasingegusa mstari huo kamwe. Mkataba unapoongezwa na kodi ikapanda, hapo ndipo wakala huomba mjazie amana. Kujazia ndani ya ukomo kunaruhusiwa, lakini nyongeza nayo ni amana: ilindwe, na taarifa itolewe. Ulizeni wangapi walipewa karatasi ya nyongeza.

Najua hoja ya upande wa pili, na ile nzito nitaijibu. Wanasema: tukifunga hesabu kila jina linapobadilika, mwanafunzi anayebaki atalazimika kutoa amana ya pili kabla ya kurudishiwa ya kwanza, na hana fedha hizo. Hoja hii ingekuwa na uzito kama tungetaka fedha zote zizunguke. Hakuna anayetaka hivyo. Anayebaki, fedha yake ibaki. Kinachodaiwa ni mambo matatu siku ya kubadilishana: nyumba ikaguliwe na hali yake iandikwe, anayeondoka akatwe anachostahili kukatwa na alipwe kinachobaki kutoka kwenye amana, si kutoka mfukoni mwa mgeni, anayeingia alipe kwa mwenye nyumba au moja kwa moja kwa taasisi, jina lake liingizwe, apewe karatasi yake. Ukaguzi wa nyumba ya vyumba vitano ni asubuhi moja ya mtu mwenye simu yenye kamera. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya karibu pauni 30,000 kwa mwaka anaweza kuigharamia asubuhi hiyo.

Na kwa nyumba za wanafunzi, njia ya bima ifutwe. Fedha zote zikae kwa taasisi. Familia iliyopanga nyumba miaka minane ina muda wa kumjua mwenye nyumba wake, mwanafunzi wa uzamili ana miezi kumi na miwili na viza yenye tarehe. Ugomvi unapoanza yeye yuko kwenye ndege.

Hapo ndipo meno ya sheria yanapoota upande usiofaa. Kwa miaka mingi adhabu iliyowatisha wenye nyumba kweli haikuwa faini. Ilikuwa kwamba asiyelinda amana hawezi kumtoa mpangaji kwa notisi ya kawaida. Kwa familia hiyo ilikuwa ngao. Kwa mwanafunzi haikuwa chochote, maana mwanafunzi hatolewi, anaondoka mwenyewe kila kiangazi. Imebaki faini, na faini inahitaji mtu afungue kesi mahakama ya wilaya, alipe ada ya mahakama, na katika mkataba wa pamoja awakusanye wapangaji wenzake wote waingie kwenye shauri. Watano waliotawanyika mabara matatu! Wakala anaijua jiografia hiyo kuliko mhadhiri.

Wapo wanaotuambia tupumzike, mambo yamekwisha: Sheria ya Haki za Wapangaji iliyopitishwa Oktoba 2025 inafuta mikataba ya muda maalumu katika nyumba za kupanga za watu binafsi England kuanzia 1 Mei 2026. Pasipo tarehe ya kuisha hakuna kuongeza mkataba, na pasipo kuongeza hakuna tatizo la amana wakati wa kuongeza. Hoja imenyooka kwenye karatasi. Nyumbani Selly Oak haisimami. Chini ya utaratibu huo mpya mpangaji anaweza kuondoka kwa notisi ya miezi miwili, na katika mkataba wa pamoja notisi ya mmoja huumaliza mkataba wa wote. Kijana mmoja akiacha masomo Februari, wanne waliobaki watasaini upya, pamoja na mgeni atakayejaza nafasi. Kwa hiyo kusaini upya hakujafa; kumetolewa kwenye kalenda na kuachwa kutokea wakati wowote, haraka haraka, katikati ya mitihani. Wakala aliyeshindwa kuhesabu amana Julai, akiwa na mwaka mzima wa kujiandaa, ataihesabu Februari kwa wiki mbili?

Niwe mkweli, sheria hiyo imeleta jambo moja ambalo wazazi wetu watalisikia mfukoni. Imezuia kudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja kabla. Mwanafunzi wa kigeni asiye na mdhamini anayeishi Uingereza alikuwa akidaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mzazi wa Dar es Salaam aliona ni jambo la kawaida kabisa, maana mwenye nyumba wa Kijitonyama naye hudai miezi sita, na dalali mwezi wake juu. Mabweni makubwa ya kampuni, yale yaliyojiunga na kanuni zinazotambuliwa na serikali, yamewekwa kando ya utaratibu huu, kwa hiyo msomaji asidhani kila mlango umefunguka.

Mazoea haya ya nyumbani ndiyo mshirika mkubwa wa wakala. Nimewasikia wazazi wakiwaambia watoto kwenye simu: achana nao, usije ukafukuzwa, amana utaisamehe tu, soma. Kwetu ushauri huo una mantiki yake ya uchungu. Nairobi mwenye nyumba hukata amana yote akasema ni rangi, na Sheria ya Udhibiti wa Kodi inayopaswa kumlinda mpangaji inahusu nyumba zisizozidi kodi ya shilingi 2,500 kwa mwezi, bei ambayo leo haipati hata chumba cha mabati karibu na chuo. Mtu aliyekulia huko hujifunza kuihesabu amana kuwa imekwenda tangu siku anapoitoa. Lakini kumhamishia mtoto unyonge huo katika nchi ambayo sheria imeandika kinyume ni kumnyang'anya kitu ambacho hata wakala hakuweza kumnyang'anya.

Na sasa tuzungumze sisi kwa sisi, maana safu hii isingekuwa ya haki ikiwapiga Waingereza peke yao. Wanafunzi wengi wanaozungumza Kiswahili hawaanzii kwa wakala. Wanaanzia kwenye chumba cha kaka fulani wa Reading au dada fulani wa Barking, aliyepatikana kwa kuulizana kanisani, msikitini au kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania. Chumba kinatangazwa kwa maneno matamu, amana inalipwa kwa mkono, karatasi hakuna, kwa sababu sisi ni ndugu bwana. Baada ya mwaka kaka anasema kodi imepanda, amana nayo iongezwe kidogo. Iongezwe kwa kipimo gani? Kwa kipimo cha undugu.

Hapa sheria ina mpaka ambao kila mwanafunzi aujue. Kama huyo kaka anaishi humohumo na mnatumia jiko moja, halazimiki kuiweka amana yako kwenye taasisi yoyote. Ulinzi wa 2004 hauwafikii wanaoishi na mwenye nyumba. Haufiki pia kwenye mabweni yanayomilikiwa na vyuo vyenyewe. Ukomo wa wiki tano, hata hivyo, unamfunga, awe ndugu au asiwe. Na kama kaka haishi humo, kama alipanga nyumba nzima kwa Mwingereza akaigawa vyumba na kuwapangisha wanafunzi wanne huku yeye akilala Slough, basi mbele ya sheria kwa kawaida yeye ni mwenye nyumba, na amana za wanafunzi hao zinamhusu kwa siku 30 zilezile. Wangapi kati yetu tuliopangisha hivyo tumewahi kuweka amana ya mtu popote zaidi ya kwenye matumizi yetu? Tukilaani wakala wa Birmingham, tujibu na hilo.

Turudi kwa faini, maana kuna hesabu moja ambayo wenye nyumba wanaiogopa na wanafunzi hawaijui. Mwenye nyumba ambaye hakulinda amana mwanzoni hapati msamaha wa 2015. Kila mkataba mpya anaowasainisha bila kulinda ni kosa jipya linalojitegemea. Amana ya pauni 600, mkataba wa kwanza na nyongeza mbili, ni makosa matatu. Kila moja lina faini ya kuanzia 600 hadi 1,800. Jumla inaweza kuwa 1,800, inaweza kufika 5,400, na amana yenyewe juu yake. Ndiyo maana ya ule upole wa Novemba: wakala asiyelinda mwaka wa kwanza hawezi kukwambia usome karatasi zako mwaka wa pili.

Muda wa kudai ni miaka sita tangu kosa lilipotendeka, na hautegemei viza. Uko Dodoma umeshaanza kazi wizarani, uko Mombasa, uko Bujumbura: fungua barua pepe ya zamani, tafuta mkataba wa kwanza na kila ulioufuatia, tafuta risiti ya benki inayoonyesha amana ilikwenda kwa nani. Kisha ingia kwenye tovuti za zile taasisi tatu, moja baada ya nyingine. Kila moja ina ukurasa wa kuangalia kama amana ilisajiliwa, kwa jina la mpangaji, namba ya posta ya nyumba na tarehe mkataba ulipoanza. Weka tarehe ya mkataba wa kwanza. Halafu weka ya ule wa pili, ule mlioambiwa hamna haja ya kufanya lolote.